Honi Iliyonisema Usiku

Nyumbani nimewahi kufunga soketi tatu na hakuna aliyekufa. Kwa sifa hizo nikajipa kazi ya kubadilisha waya za boti yangu. Za zamani zilikuwa zimeota kijani hadi ndani ya ganda, na fundi alikuwa ametaja bei niliyoichukulia kama tusi. Umeme wenyewe ni volti 12 tu, nikajiambia, wa kumtisha nani?

Nilikuwa na rola la waya mweusi lililobaki tangu ujenzi. Nikapitisha njia mbili chini ya sitaha: moja inatoka kwenye kitufe cha honi, nyingine kwenye swichi ya boya, ile ambayo maji yakijaa ngamani, kule chini kabisa ndani ya boti, inaelea na kuwasha pampu. Nyeusi na nyeusi. Nikabandika vikaratasi, maana mimi ni mtu wa mpangilio. Viungo nikavisokota kwa koleo na kuvizungushia tepu. Nikajaribu taa, zikawaka, kazi ikaisha. Honi sikuijaribu, usiku ulishaingia, nikaona nisiwasumbue majirani.

Saa nane usiku honi ikalia. Pap! Ikanyamaza. Pap! Pap! Mawimbi yakitikisa boti, nayo inaitikia. Jirani akatoa kichwa: "Bwana, kuna nini?" Nikamwambia hakuna kitu. Kwa kanuni za baharini, milio mifupi mitano mfululizo humaanisha: sielewi unakusudia kufanya nini. Boti ilikuwa ikiniambia hayo waziwazi, nami nikaenda kutafuta koleo. Nikakata waya wa honi. Kimya. Nikalala usingizi wa fundi.

Saa kumi na moja nikashusha mguu kutafuta kandambili. Zilikuwa zinaelea, na moja ilishafika jikoni. Kwenye shafti ya injini maji huchuruzika kidogokidogo, hilo ni la kawaida, ndiyo maana kuna pampu. Pampu ilikuwa kimya. Nikakimbilia usukani kuita watu kwa honi, nimesahau kwamba nimeikata, nikakandamiza kitufe kwa nguvu zote.

Honi haikulia. Ila huko chini, pampu ikanguruma.

Nikaachia, ikanyamaza. Nikakandamiza, ikanguruma. Basi nikasimama hapo, kidole gumba kwenye kitufe, hadi jua likachomoza. Tundu la ubavuni lilikuwa likitema maji ya ngama moja kwa moja kwenye boti ya jirani. Alitoka, akanitazama nimekazana na honi isiyolia, akarudi ndani bila salamu.

Fundi yuleyule alikuja na mita yake. Kwenye betri volti 12.4, kwenye pampu 9: waya mwembamba na mrefu ulizila njiani. Fyuzi karibu na betri hakuna, kwa hiyo siku ya shoti, waya wenyewe ungewaka. Tena ni waya mgumu wa mshipa mmoja, ambao mtikisiko wa injini huukata; botini hutakiwa nyuzi nyingi nyembamba zilizopakwa bati, na viungo vya kubana. Tepu yangu aliivua kwa kidole kimoja, ilishaachia yenyewe.

"Nani alifunga hizi?"

"Aliyeniuzia boti," nikasema. "Watu wengine hawana utu kabisa."

Akainama, akauvuta waya wa pampu hadi kwenye mwanga. Kikaratasi kilisomeka HONI. Akatoa mfukoni ile karatasi niliyomwachia asubuhi yenye namba yangu ya simu, akaviweka sambamba, akavisoma vyote viwili bila haraka.

Bei ilikuwa imeongezeka.