Fundi, weka bisibisi chini, shika mita

Jioni moja mwezi wa nne, mvua ikiwa imetoka tu kuinyeshea Kondele, pikipiki yangu ilikataa kuwaka. Nikibonyeza starta inalia "tik" mara moja na kunyamaza, na honi ilitoa sauti ya mgonjwa. Fundi wa karibu alichukua bisibisi, akaigusisha terminali zote mbili za betri kwa pamoja, akaitazama cheche, akatikisa kichwa.

"Betri imekufa, kaka. Weka mpya."

Niliweka mpya kwa shilingi 2,600. Siku ya kumi na mbili, ile mpya nayo ikalala.

Mafundi wa pikipiki nawaheshimu, maana bila wao Kisumu nzima ingetembea kwa miguu. Ila hii desturi ya kupima betri kwa cheche naipinga kabisa. Betri ikiwa inachajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche karibu nayo inaweza kuipasua, asidi ikamrukia mtu machoni. Tena cheche haikuambii kitu. Hata betri iliyochoka hutoa cheche.

Aliyeniokoa ni jirani yangu hapa Nyalenda, fundi wa redio. Alikuja na mita ndogo ya kupimia volti, ya aina inayouzwa kwa shilingi 800 hivi. Alinieleza kwamba betri ya volti 12 ina seli sita, kila moja ikitoa volti 2 na ushee. Ikijaa na kupumzika saa kadhaa, husoma kati ya 12.6 na 12.8. Ikisoma 12.0 imekaribia kuisha. Ikikwama kwenye 10.5 hata baada ya kuchajiwa, shuku kwamba seli moja imekufa. Kisha tukapiga kiki, injini ikawaka, akaniambia nivute mafuta huku mita ikiwa kwenye terminali. Ilipaswa kupanda hadi 13.5 au 14 na kitu. Ilibaki 12.1. Nikavuta zaidi, haikusogea.

Betri haikuwa na kosa lolote. Rektifaya, kile kifaa kinachogeuza umeme wa injini kuwa chaji ya betri, ndiyo iliyoungua, kwa hiyo chaji haikuwa inafika. Tulibadilisha rektifaya, tukaichaji polepole usiku kucha ile betri ya zamani niliyoambiwa imekufa, na ikanibeba miezi minane zaidi. Zile 2,600 zingelipa karo ya mtoto, na najua wenzangu wengi wa bodaboda wanaozipoteza hivyo hivyo kila msimu. Rektifaya ikiharibika kwa upande wa pili, ikapeleka zaidi ya volti 15, betri mpya hukaangwa ndani ya wiki chache na lawama zikamwangukia aliyeiuza.

Miezi hiyo minane ilipokwisha, ndipo ilipokufa kweli, na hapo nilijifunza jambo jingine. Asubuhi mita ilisoma 12.5, namba nzuri tu. Nilipobonyeza starta ikaporomoka hadi 8. Betri iliyo hai haipaswi kushuka sana chini ya 10 wakati wa kuwasha. Kwa hiyo usiridhike na namba ya betri iliyolala. Ipime ikiwa kazini. Na kama umetoka safari sasa hivi, washa taa kubwa dakika mbili kwanza, uzime, usubiri kidogo, la sivyo chaji ya juujuu itakudanganya.

Kubadilisha kwenyewe si kazi ngumu. Zima swichi, toa waya wa hasi kwanza, kisha chanya. Wakati wa kurudisha anza na chanya. Sababu ni kwamba fremu nzima ya pikipiki imeunganishwa na hasi, na spana ikigusa chanya na fremu kwa pamoja utaona moto. Betri ya kumwagiwa asidi hutaka subira: jaza hadi mstari, iache nusu saa, kisha uichaji polepole kabla ya kuifunga. Wauzaji wengi huiruka hatua hii kwa sababu mteja ana haraka, na betri isiyopata chaji yake ya kwanza haifikii nguvu zake zote. Ule mpira mdogo wa kupumulia usibanwe, wala usiachwe udondokee mnyororo. Baadaye kiwango kikipungua, ongeza maji ya betri peke yake, kamwe si asidi. Kwa joto hili letu la kando ya ziwa, mimi huangalia kila mwezi.

Ile kuukuu je? Hapa ndipo roho yangu huuma. Nimeona vijana wakipasua betri kwa nyundo ili wapate madini ya risasi ya kuuza, asidi ikimwagika mtaroni penye watoto. Owino Uhuru kule Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatilia watu sumu ya risasi, watoto wakiwemo. Mwanaharakati Phyllis Omido na wakazi walipambana miaka mingi hadi mahakama, mwaka 2020, ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Risasi hiyo hiyo imo ndani ya betri ya pikipiki yako.

Yangu niliirudisha kwa muuzaji pale Kibuye, ikiwa wima ndani ya ndoo, akanipunguzia bei ya mpya. Na kwenye steji yetu nimeomba chama kitoe shilingi 800 kinunue mita moja ya wote. Tunakutana Jumapili.