Miezi ya kusubiri kidato cha tano isipotee bure

Namuunga mkono mwandishi wa makala iliyotaka wanafunzi wapate nafasi za kujifunza kazi kabla hata ya kufika chuo. Kidato cha nne wanamaliza mtihani Novemba, kidato cha tano kinaanza Julai. Zaidi ya nusu mwaka watoto wako nyumbani na simu tu.

Mdogo wangu alitaka uhasibu kwa sababu mtaani walimwambia una hela. Kipindi hicho akaenda kusaidia duka la dawa la jirani yetu hapa Morogoro. Wiki ya kwanza ilikuwa kufuta vumbi na kupanga maboksi kwa tarehe za kuisha muda. Ya tatu akarudi na daftari limejaa majina ya dawa na maswali: kwa nini hii haitolewi bila cheti cha daktari? Kwenye tahasusi, yaani mchepuo wa masomo ya kidato cha tano, akachukua PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) bila kuyumba, na leo anasomea ufamasia.

Ila waajiri, jamani, nauli na chakula wapeni. Mtoto anayepanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi hawezi kujitolea miezi mitatu kwa hela ya vitumbua vya mama yake, na huyo ndiye hana mjomba wa kumwingiza ofisini.