Mnada una dari, hauna sakafu

Mpwa wangu amenitumia kwa WhatsApp tangazo la mafunzo ya biashara ambalo, kwa jinsi linavyozunguka Lubumbashi wiki hizi, huenda wewe msomaji umeshalipata mara mbili. Linaahidi kwamba kwa siku mbili tu kijana atafundishwa kuagiza bidhaa za jumla kutoka Guangzhou, China, kuziuza kwa mnada kwenye makundi ya mtandaoni, na kuukuza mtaji wake mara mbili kabla mwezi haujaisha. Ada ni dola 50, na bila shaka ziwe noti zisizo na mpasuko wala doa la wino, maana hata walimu wa utajiri hawapokei dola iliyochanika. Mpwa hakuniuliza maoni yangu. Aliandika tu, "Mjomba, nafasi zinaisha," yaani nilipe.

Sina ugomvi na biashara ya jumla. Miaka ya 1990, mishahara ya migodini ilipokauka, ni akina mama waliovuka Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, na mabunda vichwani ndio waliolisha nyumba za mji huu na kusomesha wengi wanaojiita leo wajasiriamali. Wala sina ugomvi na mnada, ambao ni njia ya haki na ya kale ya kutafuta bei. Ninachopinga ni kuvifunganisha viwili hivyo kama mume na mke waliotolewa mahari, bila mtu kuuliza kama tabia zao zinapatana. Kwa sehemu kubwa hazipatani. Bidhaa ya jumla ni nyingi, inafanana, na bei yake inajulikana. Mnada hupenda kitu kimoja, kisicho na mwenzake, ambacho bei yake haijulikani.

Chukua taa ya kuchaji, ile ambayo kila nyumba kuanzia Katuba hadi Ruashi inaihitaji umeme unapokatika. Tuseme sokoni Kenya, yaani soko la mtaa wetu wa Kenya hapa Lubumbashi wala si nchi, inauzwa dola 6, na tuseme wewe, baada ya kulipa kila kitu, imekufikia kwa dola 4. Unaiweka kwenye mnada wa kundi lako saa mbili usiku. Je, nani atapandisha bei hadi dola 7? Hakuna, kwa sababu kila aliyemo kundini anajua kwamba kesho asubuhi anaweza kupanda basi hadi sokoni, kuishika taa kwa mkono wake, kuiwasha mbele ya muuzaji na kuirudisha ikimsumbua. Hata dola 6 hatafika, kwa kuwa wewe unamwomba anunue picha. Basi dari yako ni dola 5 au karibu na hapo. Sakafu je? Ikinyesha mvua, mtandao ukisuasua, watu wakiwa wanatazama mpira wa TP Mazembe na Lupopo, taa itaondoka kwa dola 2, nawe utalazimika kuitoa kwa furaha ya kulazimishwa kwa sababu ulitangaza kwamba mwenye dau la mwisho ndiye mshindi. Kwa bidhaa ambayo bei yake inajulikana, mnada unakuwekea kikomo cha kupata na haukuwekei kikomo cha kupoteza. Mfanyabiashara mwenye akili timamu angefanya kinyume chake.

Wala taa si moja. Ukinunua kwa jumla una taa 200, na hapo ndipo jambo linapoharibika kabisa, kwa kuwa mnada huishi kwa hofu ya kukosa. Mtu hupandisha dau kwa sababu akishindwa, kitu kimekwenda. Lakini akijua kwamba nyuma ya taa hii kuna nyingine 199 zinazosubiri stoo, ana haraka gani? Mwaka 1961 mwanauchumi William Vickrey, ambaye baadaye mwaka 1996 alishirikiana na mwenzake tuzo ya Nobel, alieleza jambo ambalo dalali yeyote analihisi bila kalamu: katika mnada wa kupanda, mshindi halipi kile anachoweza kulipa, bali hulipa kidogo tu zaidi ya pale aliposhindwa mtu wa pili. Bei yako basi haiwekwi na mwenye hamu kuliko wote. Inawekwa na anayemfuata. Sasa wape watu kumi na watano taa mia mbili, uniambie huyo wa pili atatoka wapi. Kila mmoja anapata yake, hakuna anayeshindana, na bei inalala pale pale ulipoianzishia.

Kuna na hasara ambayo haionekani siku ile ile. Mnada unafanyika mbele ya watu wote. Mama aliyenunua kwa dola 5 Jumatatu anaona mwenzake amechukua taa ile ile kwa dola 3 Alhamisi, na hatakuambia lolote; ataacha tu kuweka dau, atabaki kundini kimya, akisubiri usiku wako mbaya. Na wale wanaojitokeza kwa wingi usiku huo mbaya ni akina nani? Ni wenye meza sokoni. Wanakusanya taa zako kwa dola 2 na 3, kesho yake wanazipanga mezani kwa dola 6, na wewe uliyesumbuka na kontena, forodha na barabara unakuwa umewakopesha mtaji bila riba. Nimewaona wakicheka, na sikuwalaumu.

Watetezi wa mafunzo haya hupenda kutaja eBay, lile soko la mtandaoni la Marekani, kana kwamba jina hilo linafunga mjadala. Sawa, tuitaje eBay. Pierre Omidyar aliianzisha Septemba 1995, ikiitwa AuctionWeb, na kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kalamu ya mwanga wa leza iliyoharibika, iliyopata dola 14.83. Alipomuuliza mnunuzi kama anaelewa kwamba imeharibika, alijibiwa kwamba yeye hukusanya kalamu za leza mbovu. Hebu tazama: kitu kimoja, kibovu, ambacho hakuna duka lingeweza kukipangia bei, na mtu mmoja katika nchi nzima anayekitaka hasa. Hicho ndicho chakula cha mnada. Kadiri wafanyabiashara wa bidhaa mpya zinazofanana walivyojaa kwenye eBay, ndivyo bei ya kudumu ilivyouondoa mnada kwenye nafasi yake, na leo mauzo mengi ya huko hufanyika kwa bei iliyoandikwa na muuzaji. Walimu wetu wanafundisha mwaka wa kwanza wa historia hiyo na kuruka iliyobaki.

Nitakubali jambo moja, ingawa silipendi. Mwenye haja ya pesa usiku huu hana nafasi ya kungoja bei nzuri. Septemba ikifika na karo inadaiwa, au mwenye nyumba akitaka pesa zake, mnada unageuza mzigo kuwa fedha za M-Pesa au Airtel Money kabla hujalala. Uholanzi, kule Aalsmeer, maua yanayofanana kwa maelfu huuzwa kwa mnada ambao bei huanza juu na kushuka, kwa sababu ua la leo kesho ni takataka na haraka ina thamani yake. Haya. Lakini taa haiozi, wala tangazo lile halikusema "jifunze kuuza kwa hasara unapobanwa".

Kuhusu hesabu ya gharama sitachosha mtu, ila tangazo halikuitaja hata kwa neno moja. Bei ya kiwandani ni mwanzo tu. Kuna sehemu yako ya kontena inayolipwa kwa mita za ujazo, bandari ya Dar es Salaam, lori hadi Tunduma na kuvuka Zambia nzima, foleni ya Kasumbalesa, ushuru wa forodha, na TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 ambayo inahesabiwa juu ya thamani ya mzigo pamoja na ushuru wenyewe, kisha mwendo wa kilomita tisini hivi hadi mjini. Asiyejua taa moja imemfikia kwa kiasi gani hana haki ya kutangaza bei ya kuanzia, awe anauza kwa mnada au kwa mdomo.

Upande wa kununua nao una mtego wake. Siku hizi wengine wanashawishiwa kununua kwa mnada mizigo iliyorudishwa na wateja wa maduka makubwa ya Marekani, inayouzwa bila kufunguliwa, kama vile marobota ya mitumba ya kilo 45 ambayo akina mama wa hapa huyanunua yakiwa yamefungwa kwa mikanda. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa kampuni ya mafuta ya Atlantic Richfield, Capen, Clapp na Campbell, waliandika kuhusu minada ya vitalu vya mafuta na kuonyesha kwamba kitu kisichojulikana vyema thamani yake huelekea kuchukuliwa na yule aliyekikadiria kupita kiasi. Wote wamekisia, aliyekosea zaidi kwa kupandisha ndiye anayepigiwa makofi. Mama wa robota analijua hilo, ndiyo maana anamjua mwenye ghala kwa miaka, anauliza mzigo umechambuliwa wapi, na anakataa kushindania robota na mtu. Mpwa wangu anataka kushindana na Marekani nzima kwa picha tatu.

Kwa hiyo je, hakuna cha kunadi Lubumbashi? Kipo, tena kingi, na hapa ndipo ninapoumia, kwa sababu fursa halisi iko mbele ya macho ya vijana hawa. Kampuni za migodini kuanzia hapa hadi Likasi na Kolwezi huuza mitambo iliyochoka, pampu, jenereta, matairi makubwa, makabati ya ofisi, mara nyingi kwa fungu moja. Mgeni akihama huacha nyumba nzima ya vyombo. Robota likishafunguliwa, ndani yake hupatikana koti moja la ngozi lisilo na ndugu. Mtu anayenunua fungu kama hilo kwa jumla, akalitenganisha, akasafisha kila kitu, akakipiga picha za kweli pamoja na kasoro zake, kisha akakinadi kimoja kimoja mbele ya watu wanaokihitaji, huyo anafanya kazi inayostahili faida. Jenereta ya mtumba haina bei sokoni Kenya; ina bei kwa fundi wa kuchomelea ambaye umeme umemkatikia na wateja wanamngoja, na akitokea kinyozi au mwenye jokofu la samaki kushindana naye, mnada utafanya kazi yake.

Angalieni Wajapani wanavyouza magari ya mtumba, haya haya tunayoyaendesha huku usukani ukiwa upande usiotufaa. Kila gari ni tofauti na jingine, ndiyo maana linanadiwa. Lakini kabla ya mnada mkaguzi hulitazama na kujaza karatasi yenye alama, kilomita zilizotembewa, na mchoro unaoonyesha kila mkwaruzo, na gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa huwekewa herufi R. Taarifa hutangulia bei. Kwenye makundi yetu bei hutangulia, taarifa hufuata, na kwa kawaida huja kwa sauti ya kilio.

Na sasa lile lililonifanya niandike badala ya kunyamaza. Aya ya mwisho ya tangazo inaahidi kufundisha "namna ya kuwasha moto wa mnada", na mpwa alinieleza bila haya kwamba maana yake ni kuwaingiza kundini binamu wawili wapandishe dau za uongo. Hili linafundishwa kwa malipo, ukumbini, na projekta! Kwenye eBay ni marufuku, na mwaka 2010 nchini Uingereza mtu mmoja alitozwa faini na mahakama kwa kujipandishia bei bidhaa zake mwenyewe. Sisi tunaliita ujanja. Sijali sana kama polisi watalifuatilia. Najali kwamba kinachouzwa kwenye mnada, kabla ya taa na kabla ya jenereta, ni imani kwamba yule anayeshindana nami ni mtu kweli na pesa zake ni za kweli. Binamu akishinda kwa bahati mbaya, bidhaa inarudi mnadani wiki ijayo na kila mtu anaelewa. Mji huu una watu wengi, lakini wafanyabiashara wake wanajuana kwa majina ya watoto. Kundi likishanuka, hata muuzaji mwaminifu atakayekuja baadaye atanadi mbele ya watu wasiomwamini, naye hatajua ni nani aliyemwachia deni hilo.

Anayetaka kunadi kwa uaminifu atasumbuliwa na jambo jingine dogo, washindi wanaotoweka, wale wanaoshinda usiku na kuzima simu asubuhi. Dawa yake si maneno makali kundini. Kila anayetaka kuweka dau kwenye kitu cha thamani atangulize amana ndogo kwa simu, kiasi na masharti yaandikwe mapema, mshindi ahesabiwe amana hiyo kama sehemu ya bei au aipoteze akikimbia, na wote walioshindwa warudishiwe pesa zao usiku ule ule, pamoja na gharama ya kutuma, kabla hata mmoja wao hajalazimika kuuliza.