Begi Langu Si Duka

Leo tuliposhuka kwenye boti, kijana wa ukaguzi ametia mkono ndani ya begi langu, akatoa vipande sita vya sabuni ya mwani na kuvipanga mezani kama karata. "Mzee, hizi za biashara?" Nikamwambia mimi ni mtalii. Alicheka, kisha akamwita mwenzake aje asikie.

Naomba nijitetee hapa, maana pale foleni ilikuwa inanung'unika.

Safari yenyewe ilikuwa ya heshima. Siku tano Unguja, begi moja mgongoni, laki mbili mfukoni. Wazungu wanafanya hivyo dunia nzima. Kijana wa kizungu ana begi refu kuliko yeye, kandambili zimeshikwa na waya, hajaoga tangu Arusha, lakini akikanyaga tu gati anaitwa "rafiki". Mimi nilivaa shati la kola. Mapapasi, wale vijana wanaowinda watalii, wakanipita kama nguzo ya umeme. Mmoja tu ndiye aliyenigeukia: "Braza, mgeni wako anakwenda hoteli gani?"

Forodhani nilikula urojo kwa bei ya mwenyeji, kesho yake nikakosea nikasema "naomba". Lafudhi ya bara ina gharama zake.

Kwenye daladala 309 ya Jambiani konda alitaka begi lipande juu, pamoja na godoro na mikungu ya ndizi. Nikagoma, nikalipakata. Juu ya begi akawekwa mtoto wa watu, akalala fofofo hadi Paje.

Sasa Jambiani. Bahari sikuikuta. Imepwa, imekwenda kule mawimbi yanakopigia mwamba, huku imeacha mchanga mweupe, vigingi na kamba za mwani, na akina mama wameinama. Nikasema si neno, nitaisubiri. Sijatembea hata hatua hamsini, Mmasai mmoja mwenye shanga mkononi akanijia taratibu.

"Kaka, hapa mpaka ule mnazi ni kwangu. Wewe anzia kule."

"Nianzie nini?"

Akaliangalia begi. Akaniangalia mimi. "Anzia kule."

Nikaanzia kule. Bi mkubwa mmoja alikuwa anaanika mwani mbele ya mlango wake.

"Kijana! Hebu tua mzigo. Una nini leo?"

"Shikamoo bi mkubwa. Sina kitu, natembea tu."

"Marahaba. Khanga unazo?"

"Sina."

"Vyombo vya plastiki?"

"Bibi, humu mna nguo zangu."

"Mitumba! Si useme! Fungua."

Ukishampa mtu shikamoo, umekwisha. Ubishi wote umeuacha mlangoni. Nikafungua. Kufumba na kufumbua wamefika akina mama wanne, mikono bado inanuka bahari. Suruali yangu ya akiba ikapita mkono kwa mkono, mmoja akaivuta kiunoni kupima lastiki. Mwingine akanusa soksi, akairudisha bila neno. Taulo langu la bluu, lenye kona iliyoungua na pasi, likainuliwa juani.

"Limetoboka hili."

"Limeungua tu."

"Basi punguza."

Nipunguze! Bei sijataja!

"Mama yangu, haliuzwi."

"Elfu nane."

"Nitajifutia nini?"

"Elfu tisa, usinichoshe na jua hili."

Hapo, Mungu anisamehe, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema: "Kumi."

Sijui ilitoka wapi. Nimepanga karibu na Kariakoo miaka kumi na minne, nadhani vumbi lile huingia kwenye damu. Wakaja na wa nyumba za nyuma. Kufika adhana ya alasiri nilikuwa nimeuza taulo, tochi, na kandambili nilizokuwa nimevaa. Fedha hazikutosha, nikamaliziwa kwa sabuni wanazotengeneza wenyewe kwa mwani wao. Nikaagizwa nikirudi nisisahau vitenge na madaftari ya shule. Nilipogeuka, bahari imejaa, imemeza ufukwe wote nilioujia, maji ya rangi ile ya kwenye kalenda. Na mimi sina taulo.

Yule Mmasai akapita nyuma yangu. "Unaona? Nilikwambia uanzie kule."

Hivi Mtanzania akitaka kuiona nchi yake avae nini? Aandike kifuani? Hotelini mlinzi aliniuliza mzigo ni wa chumba namba ngapi. Nikamwambia chumba changu. Akapiga simu. Msitu wa Jozani nilimkuta kima punju juu ya tawi anatafuna majani, na nakuapia, hata yeye alitazama begi kwanza. Tumeungana tangu 1964, nikivuka kwenda naitwa machinga, nikivuka kurudi naulizwa biashara!

Basi nimefika nyumbani natiririka jasho, nikasema walau nioge, sabuni si ninazo. Nimefungua bomba, likakohoa, likatema hewa, likanyamaza. Leo Ijumaa, na zamu ya maji mtaa wetu ni Jumanne. Jirani ana simtanki limejaa, nalisikia hata hapa likidondosha matone, lakini yule tulikosana kwa sababu ya jogoo wake anayewika saa nane za usiku, tena chini ya dirisha langu, na nilipomwambia amsogeze akanijibu kwamba jogoo ana ratiba yake.