Kukwanguliwa ugaga hakulegezi meno

Huku Amu (Lamu), mtu akikwanguliwa ugaga, ule uchafu mgumu ulioganda kwenye meno, leo na kesho akahisi jino linacheza, habari hufika barazani kabla ya adhuhuri: wamemlegeza meno. Ndiyo sababu wengi huvumilia fizi zinazotoka damu mpaka jino ling'oke lenyewe. Wengine, hasa waliosomasoma, husema tiba ni kupasuliwa ufizi tu, kukwangua ni kutupa pesa. Kwa maoni yangu tiba hii isiyo ya kisu imeonewa na pande zote mbili.

Kinacholegeza jino ni ugonjwa wa fizi uliokwisha kula mfupa wa taya miaka mingi, bila maumivu. Ugaga ulioganda nyuma ya meno ya mbele ya chini huyashikanisha yasicheze, kwa hiyo mwenyewe hajui. Ukiondolewa na uvimbe ukanywea, mizizi hujitokeza, mianya huonekana na maji baridi huchoma. Mgonjwa hulaumu chuma cha daktari, na daktari asiyemweleza mapema kwamba itakuwa hivyo ana lake la kujibu.

Ukubwa wa ugonjwa hujulikana kwa kupimwa. Daktari hupitisha kijiti chembamba chenye alama za milimita baina ya jino na ufizi, huku akimtajia msaidizi: tatu, tatu, tano, saba. Tatu kushuka chini si neno. Kuanzia nne ufizi umeachana na jino na kufanya mfuko ambao mswaki haufiki, na hapo hutiwa ganzi, ugaga ukakwanguliwa hadi kwenye mzizi. Mapitio ya tafiti yaliyotoka 2020 yalikuta kwamba takriban robo tatu ya mifuko hiyo hufunga katika miezi 6 hadi 8, bila kisu.

Wanaotetea upasuaji wana hoja. Mfuko ukizidi milimita 6, daktari anakwangua asipopaona. Akifunua ufizi, anaona. Magego ni tabu zaidi, maana mizizi yao hugawanyika na ugaga hujificha kwenye panda. Lakini faida yenyewe ni kiasi gani? Mapitio ya 2002 yalilinganisha njia hizi mbili baada ya mwaka mmoja: kwenye mifuko mirefu kuliko milimita 6, upasuaji uliipunguza kwa milimita 0.6 zaidi. Sita ya kumi ya milimita! Na kwa ufizi kulishika jino upya, upasuaji ulizidi kwa milimita 0.2 tu. Kwenye mifuko ya milimita 4 hadi 6 mambo yaligeuka: upasuaji ulifupisha mfuko zaidi kidogo, ila kwa kushikwa jino, waliokwanguliwa ndio waliotoka mbele kwa milimita 0.4. Sisemi 0.6 ni bure. Kwa mfuko uliobaki na milimita 7 hata baada ya kukwanguliwa vizuri, inaweza kuliokoa gego. Ninachouliza ni kwa nini mtu aanzie huko. Hata mwongozo wa Ulaya wa 2020 unaweka usafi na kukwangua mbele, kisha kupima upya, ndipo kisu kifikiriwe kwa mifuko iliyokataa.

Kukwangua kunaposhindwa, mara nyingi sababu iko nje ya kiti cha daktari. Mvutaji sigara hupona polepole, na fizi zake hazitoki damu sana, basi hujidhania mzima. Mwenye sukari isiyodhibitiwa naye ana kazi. Mla tambuu yenye tumbaku anaongeza lake. Mswaki wa mti ukitumiwa vizuri husafisha, maji ya chumvi hutuliza, lakini hakuna hata kimoja kitakachobandua ugaga ulioshikana na mzizi. Na utando laini wa vijidudu, ambao ndio huganda ukawa ugaga, hurudi: katika jaribio la Denmark la 1965, vijana wenye fizi nzima waliacha kupiga mswaki na ndani ya wiki tatu wote zikawavimba.

Kwa hiyo lazima kurudi, kila miezi mitatu au minne kwa wenye ugonjwa mkubwa. Kwa mtu wa Mkomani, mtaa wa hapa mjini Amu, ni mwendo wa miguu. Kwa wa Kizingitini, kisiwani Pate, ni boti, nauli na siku nzima ya uvuvi iliyopotea, na upasuaji haumpunguzii safari hizo, unamzidishia. Mabingwa wa fizi nchini ni wachache, ilhali kukwangua hufanywa hata na maafisa wa afya ya kinywa wa jamii. Kaunti ikitaka kuwafaa watu wa Pate, impeleke afisa huyo kule na vyuma vyake, kwa ratiba inayojulikana.