Bunduki ya Kumwindia Dinosaria: Mtutu Mnene au Risasi Inayopenya?

Mwanza hakuna mfupa wa dinosaria, tukubaliane hilo kwanza. Itale ya Jiwe la Bismarck na ya vilima vinavyozunguka mji ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Dinosaria, ukiwaacha ndege ambao ni uzao wao, walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, na Ziwa Victoria halijafikisha hata miaka milioni 1. Mawe yetu ni mazee mno, maji yetu machanga mno. Mjusi wa Tanzania alifukuliwa mbali na huku, Tendaguru mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, na mpaka leo amesimama Berlin.

Lakini vijiweni Kirumba hakuna anayedai mfupa ndipo abishane. Hoja iliyokalia kahawa ni hii: mnyama wa namna ile akichomoza kwenye matete, umpige na bunduki gani? Pana kambi mbili. Moja inataka mtutu mnene kadiri bega linavyohimili. Nyingine inasema unene si kitu, kinachoua ni risasi inayopenya na mkono unaojua pa kulenga.

Kambi ya mtutu mnene ina hoja nzito, tena ina silaha yenye jina. Mwaka 1993 kampuni ya A-Square ya Marekani ilitoa risasi ya .577 (namba za namna hii ni unene wa risasi kwa inchi, takriban) ikaipa jina la Tyrannosaur, kutokana na Tyrannosaurus rex, yaani T. rex, dinosaria mkubwa mla nyama. Kichwa cha risasi hiyo kina gramu 48 hivi na hutoka mtutuni kwa takriban mita 750 kwa sekunde, nguvu ya karibu jouli 13,800. Linganisha na .375 ya Holland na Holland, ambayo wawindaji wa nyati na tembo wameizoea tangu mwaka 1912: hiyo hutoa kama jouli 5,800. SMG za aina ya AK hazifiki hata nusu ya hapo. Hesabu ya kambi hii basi ni nyepesi. Tembo dume ana tani 6, T. rex mkubwa alifika 8 au zaidi, ongeza baruti. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kutaka .50 ya Browning, risasi ya bunduki ya rashasha tangu mwaka 1921, ambayo siku hizi ina bunduki zake za kubeba begani, Barrett za kilo 14 hivi. Anayesema atatembea na kilo 14 kwenye tope la mafunjo hajawahi kutembea kwenye tope la mafunjo.

Kambi ya pili humtaja Walter Bell. Mskoti huyu aliwinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne iliyopita, akaua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao aliwapiga kwa bunduki ya milimita 7, risasi ya gramu 11 tu. Leo ukiingia nayo porini watakuuliza kama unafuata swala. Bell alitumia risasi ngumu isiyopasuka, ndefu na nyembamba, akasogea karibu, na kabla ya hapo alikuwa amepasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umelala wapi.

Sasa, T. rex naye fuvu lake tunalijua. Wataalamu wamelipiga picha za skana ndani na nje, na linatoa jibu ambalo kambi zote mbili hazilipendi. Fuvu lina urefu wa zaidi ya mita 1.2, ila ubongo ni mdogo na umejificha nyuma kabisa, umezungukwa na mfupa na misuli ya taya. Mbele ya macho, kila upande, kuna tundu kubwa, na mifupa yenyewe ina vyumba vya hewa. Kwa hiyo pale anapoonekana mpana, usoni, ndipo pabaya pa kupiga: risasi inapita kwenye pua, hewa na nyama, inatokea upande wa pili, na mwenye pua bado anakuja. Ili ufike kwenye ubongo ukiwa mbele yake, risasi inatakiwa isafiri karibu mita nzima bila kupinda. Risasi laini inayotanuka haifiki. Risasi nene nayo inalazimika kusukuma nyama nyingi zaidi njiani, na sehemu ya zile jouli zote inaishia hapo. Kwenye kichwa, basi, nawapa ushindi watu wa Bell.

Tena huku ziwani tuna ushahidi wa karibu. Mamba ni binamu wa dinosaria, na askari wanyamapori wanaofundishwa pale chuo cha Pasiansi wanajua kazi inayowangoja mamba anapozoea kuchukua watu kwenye ufuko. Shabaha ni nyuma ya macho, mahali padogo mno kwa mnyama wa mita 4. Ukikosa kidogo anazama, na hutajua kama amekufa au amekasirika. Mzee mmoja aliyestaafu kazi hiyo aliwasikiliza vijana wakipigia debe .577, akasema, "Ngosha, mamba hafi kwa kelele."

Ila nisiwape watu wa Bell kila kitu. Tembo wa Bell wengi walikuwa hawajazoea bunduki, na alichagua wakati wake. Mnyama anayekujia na kichwa kinachonesa juu na chini hakupi nafasi ya kuchora mstari kutoka puani hadi kwenye ubongo. Mtu wa kawaida atakosa. Akikosa, anahitaji kitu kingine cha kupiga, na hapo ndipo watu wa mtutu mnene wangeshinda kama wangeacha kuhesabu tani wakahesabu miguu. T. rex ana miwili tu. Tani 8 zinaning'inia kwenye mifupa miwili ya paja, kila mmoja na urefu wa mita 1.3 na mzunguko wa zaidi ya nusu mita kwa mnyama mkubwa. Uvunje mmoja, hana wa akiba. Kazi hiyo si ya risasi ya gramu 11, ambayo itatoboa tundu safi na kumwacha anachechemea kukufuata. Mfupa mnene unataka uzito, na .577 inao.

Kitu ambacho sijasikia kambi yoyote ikikipigia hesabu ni muda. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2017 zinamweka T. rex chini ya kilomita 30 kwa saa, wala hakuwa mkimbiaji wa sinema. Tuseme mita 7 kwa sekunde. Kwenye matete utamwona akiwa mita 20, labda pungufu. Una sekunde 3. Mwenye .577 atapiga moja vizuri, kisha teke la bunduki litamgeuza na mtutu utakuwa unaangalia mbinguni. Mwenye bunduki ya mitutu miwili, kwa mfano .600 Nitro ya Waingereza, atapiga mbili, na baada ya hapo ni maombi. Ndiyo maana kura yangu inakwenda kwa .416 Rigby ya mwaka 1911, risasi ngumu ya gramu 26 hivi. Nguvu yake inazidi kidogo ile ya .375, inapenya vizuri, na mtu aliyefanya mazoezi anaweza kuipiga mara ya pili akiwa bado anajua analenga nini. Watu wa mtutu mnene wataiita ya wanyonge. Sawa.

Wengine nawapitia haraka. Velociraptor wa Mongolia, yule halisi, alikuwa na manyoya na uzito wa kilo 15 hadi 20. Bunduki ya marisau inatosha, hata gobore likiwa limekaushwa vizuri. Kentrosaurus wa Tendaguru alikuwa na uzito wa kama tani 1 na miiba mirefu mkiani, mpe .375 kama nyati, na usimwendee kwa nyuma. Giraffatitan, yule aliyesimama Berlin, kiunzi chake kina kimo cha zaidi ya mita 13, na makadirio mengi ya uzito wake yako kati ya tani 23 na 40. Kichwa kidogo kiko juu kama ghorofa ya nne, na moyo umezikwa nyuma ya ngozi, nyama na mbavu ambazo sioni bunduki ya bega ikizimaliza kwa heshima. Mla majani yule, mwacheni ale. Halafu leseni nani angeisaini? Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haina dinosaria kwenye majedwali yake.

Kwa T. rex, hata hivyo, Mwanza ina silaha ambayo Karamoja haikuwa nayo, nayo ni majabali. Nyonga za T. rex zilikuwa na kimo cha mita 4 hivi, na kupanda jabali hakuweza. Ukikaa juu ya mawe kama yale ya Capri Point, kichwa chake kiko usawa wako au chini yako. Una pa kuegemeza mtutu, na njia ya kwenda kwenye ubongo inakuwa fupi kwa sababu unapiga kwa juu na nyuma ya jicho badala ya kupitia puani. Zile sekunde 3 nazo zinakuwa dakika. Hapo .416 inatosha kabisa, na huenda hata milimita 7 ya Bell ingetosha.

Bado ningemchukua mtu mmoja wa .577, kwa ajili ya paja mambo yakiharibika. Ila asimame kushoto kwangu, maana bunduki ya kukoki kwa mkono hutema maganda kulia, na ganda la moto likimwingia shingoni wakati analenga, atampiga yeyote isipokuwa dinosaria.