Kamisheni au ada ya siku: jukwaa la mtandaoni likate wapi?

Aprili 2022 Uber ilisimamisha huduma zake Tanzania. Abiria walikuwepo na madereva walikuwepo. Kilichogombaniwa ni asilimia. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ilikuwa imeweka ukomo wa kamisheni wa asilimia 15, wakati kampuni ilizoea kukata 25. Januari 2023 ikarejea, baada ya LATRA kuupandisha ukomo hadi asilimia 25 na kuruhusu ada ya oda ya asilimia 3.5. Kenya, kwa kanuni zake za 2022, iliweka ukomo wa 18.

Mwaka huohuo, huko Bengaluru nchini India, ilianza Namma Yatri, programu ya bajaji iliyoungwa mkono na chama cha madereva wenyewe. Haikukata kamisheni hata senti. Mwaka uliofuata ikaanza kutoza rupia 25 kwa siku, safari ngapi utapiga ni juu yako, au rupia 3.5 kwa safari kwa asiyetaka ada ya siku.

Anayeanzisha jukwaa la kuunganisha watu, liwe la usafiri, chakula, mafundi au walimu wa twisheni, lazima atafika kwenye njia panda hii: kukata kipande cha kila muamala, au kutoza kiingilio na kuwaacha watu na biashara yao. Wengi huchagua kwa kuiga. Wameona wakubwa wanakata asilimia, nao wanaandika asilimia.

Kamisheni ina sifa moja ambayo ada haina: haimdai mtu ambaye hajapata. Dereva aliyewasha programu tangu alfajiri bila abiria hadaiwi kitu. Kwa jukwaa changa hilo ni jambo kubwa, maana miezi ya mwanzo huna wateja wa kutosha kumhakikishia yeyote kazi. Ukimwendea mama lishe wa Sinza, Dar es Salaam, ukamwambia alipe Sh 30,000 kwa mwezi ili awekwe kwenye programu ambayo hajawahi kuisikia, atakuuliza umeleta wateja wangapi. Ukimwambia utakata ukishamletea, mazungumzo yanaendelea.

Lakini asilimia inadanganya ikitazamwa juujuu. Tuchukue oda moja ya chakula ya Sh 12,000 na kamisheni ya asilimia 20, yaani Sh 2,400. Mteja analipa Sh 2,000 ya kuletewa, bodaboda anataka 2,500, kwa hiyo 500 inatoka kwako. Kampuni inayokupokelea malipo, tuseme kwa asilimia 2, inachukua Sh 280 kwenye jumla ya 14,000. Ujumbe mfupi na dakika za simu za kumtafuta mteja aliyeandika «karibu na msikiti» ni kama Sh 100. Halafu kuna oda zinazoharibika: pilau limefika badala ya wali, mchuzi umemwagika njiani, mteja hapokei simu. Zikiwa tatu tu kwa kila mia na ukarudisha bei yote ya chakula, kila oda inabeba Sh 360. Toa hizo zote, umebaki na Sh 1,160. Sasa idara ya masoko inataka punguzo la Sh 1,000 kwa wateja wapya. Umebaki na 160.

Oda 100 kwa siku bila punguzo ni Sh 116,000, karibu milioni 3.5 kwa mwezi. Inalipa watu wachache na seva. Inawezekana, ila haina nafasi ya mchezo, na ndiyo maana hata wenye mtaji mkubwa wamekwama hapo: Jumia ilifunga biashara yake ya chakula katika nchi zote saba ilizokuwa nayo mwishoni mwa Desemba 2023. Kune, iliyokuwa ikipika na kusambaza chakula cha bei nafuu Nairobi, ilifunga Juni 2022. Yenyewe iliuza chakula chake badala ya kukata kamisheni, lakini ilikumbana na ukuta uleule: bei ambayo mteja wa mchana anaikubali haibebi gharama ya kumfikishia.

Tatizo la pili la kamisheni ni fedha taslimu. Kila aliyepanda gari la programu Dar es Salaam anaijua simu hii: «Boss, unaelekea wapi? Unalipa keshi?» Ukijibu kadi, safari inaghairiwa. Ukijibu keshi, linaweza kuja ombi la pili: «Basi ghairi kwenye simu, tumalizane hukuhuku.» Kwenye safari ya Sh 8,000, asilimia 25 ni Sh 2,000 ambazo abiria na dereva wanaweza kugawana kwa dakika moja, jukwaa likiwa limeshafanya kazi yote ya kuwakutanisha. Hata dereva mwaminifu anapokea keshi yote mkononi, na kamisheni inageuka kuwa deni lake kwako. Deni likizidi kiwango unamfungia. Anafungua programu ya mshindani, na deni limekufa.

Safari ya gari angalau ina kinga kidogo, kwa kuwa kesho utapata dereva mwingine na humhitaji yule wa jana. Kazi za nyumbani hazina kinga hiyo. Mfanya usafi anayekuja kila wiki kwa Sh 20,000, ukikata asilimia 20, mwaka mzima unachukua Sh 208,000. Hicho ndicho wanachookoa wawili hao wakibadilishana namba za simu siku ya kwanza, na wameshaaminiana, kwa hiyo hawana tena haja nawe. Homejoy, kampuni ya usafi wa majumbani ya Marekani, ilifunga Julai 2015. Ilikuwa ikiwavuta wateja kwa usafi wa kwanza wa dola 19; wengi hawakurudi kwa bei kamili, na wengine waliendelea na mfanya usafi yuleyule nje ya jukwaa.

Dawa ya kwanza inayotumika ni kuficha namba za simu kwenye ujumbe. Haifanyi kazi: watu wanaandika «sifuri saba tano nne» kwa maneno, au wanasubiri wakutane mlangoni. Kinachosaidia ni kushusha kiwango kadiri jozi ileile ya mteja na fundi inavyorudia kazi, mathalani asilimia 20 kwa kazi ya kwanza, 10 hadi ya tano, kisha 5, na kuweka kitu ambacho nje hakipatikani: fedha kushikiliwa hadi kazi ikubaliwe, fundi mbadala, wa kwanza akiugua, au fidia kioo kikivunjika. Kushikilia fedha za watu nako kuna sheria yake. Tanzania ni Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015, chini ya Benki Kuu, kwa hiyo kampuni changa ipitie mtoa huduma mwenye leseni badala ya kurundika fedha za mafundi kwenye lipa namba yake.

Hapo ndipo ada ya siku inapovutia. Haijali keshi, haijali waliomalizana pembeni, na mapato yanajulikana asubuhi. Dereva naye anaipenda kwa sababu anaielewa: ni kama hesabu ya siku ya tajiri mwenye gari, ukishaitoa kinachobaki ni chako. Hoja hii ina nguvu kuliko wanauchumi wa majukwaa wanavyokubali. Makato ya asilimia yanaudhi zaidi siku ambayo umefanya kazi zaidi.

Upande wake mbaya unaonekana kwenye hesabu ya madereva wawili. Wa kwanza anapiga safari sita za Sh 6,000, jumla 36,000. Kwa asilimia 20 angekatwa 7,200. Kwa ada ya Sh 2,500 anaokoa 4,700. Wa pili anaishi pembezoni, anawasha programu jioni tu, anapata safari moja. Ada imemla Sh 2,500 kwenye 6,000, zaidi ya asilimia 40. Kesho hawashi. Baada ya wiki chache wamebaki madereva wa katikati ya jiji wanaopiga safari nyingi, ambao ndio walikuwa wakikulipa zaidi kwa kamisheni, na sasa unahitaji karibu watatu wao kufikia ulichopata kwa mmoja. Abiria wa pembezoni kama Chanika anasubiri dakika 25 na kufuta programu. Kwenye vitabu vya mwezi wa kwanza hutaliona hilo, maana waliolipa wanaonekana na waliokata tamaa hawaonekani.

Kuna gharama nyingine: ukitoza kiingilio tu, unajiondoa kwenye bei na kwenye malipo. Uber ilipohamia mfumo wa ada bila kamisheni kwa bajaji za India, Februari 2025, malipo yakawa moja kwa moja kati ya abiria na dereva, na nauli inayoonekana kwenye programu ikawa pendekezo. Kwa kampuni inayotaka kupunguza ugomvi na madereva, huo ni unafuu. Kwa kampuni changa ambayo jina lake linategemea nauli isiyobadilika mlangoni, ni hatari.

Mchanganyiko unaotibu sehemu kubwa ya maumivu haya ni kamisheni yenye dari. Kata asilimia 15 mpaka makato ya siku yafike Sh 3,000, kisha acha. Dereva wa safari moja anakatwa 900. Wa safari sita anafika dari katikati ya safari ya nne, na kuanzia hapo hana sababu ya kumwambia abiria aghairi. Ugumu wake ni wa kiufundi tu: lazima dereva aone salio la dari likisogea baada ya kila safari, la sivyo ataamini umemkata zaidi.

Wapo wanaosema tatizo lote linaisha ukimtoza mteja wa mwisho ada ya mwezi. Kwa muziki, masomo au habari, sawa. Ila malipo ya simu hayafanani na kadi iliyohifadhiwa. Ombi la malipo linatokea kwenye skrini na mtu lazima aweke namba ya siri, kwa hiyo kila mwezi unauza upya. Safaricom ilileta M-Pesa Ratiba mwaka 2024 kwa malipo ya kujirudia. Pasipo na huduma ya aina hiyo, kazi ni ya mkono. Kumbusha siku tatu kabla. Tuma ombi mchana au jioni, kamwe si saa sita usiku, maana simu imelala na ombi linakufa baada ya muda mfupi. Likishindikana rudia mara mbili tu, ukizidisha watu wanadhani ni matapeli. Acha huduma wazi siku tatu za ziada. Sogeza tarehe za kulipia ziangukie mwisho wa mwezi, mishahara ikiingia. Na uza kwa siku, wiki na mwezi kama bando, kwa sababu mteja ameshafundishwa na kampuni za simu kununua hivyo. Ukiuza kupitia Google Play kumbuka asilimia 15 yao kwenye usajili.

Matangazo hayahitaji aya ndefu. Mtangazaji akilipa hata Sh 3,000 kwa kila mara elfu tangazo linapoonekana, kupata zile milioni 3.5 za oda 100 kwa siku unahitaji tangazo lionekane zaidi ya mara milioni 1.1 kwa mwezi. Kampuni changa yenye wasomaji wengi hivyo haina shida ya kuchagua.

Kosa moja la vitabu linaumiza wengi wa kamisheni: kuandika oda nzima ya Sh 12,000 kama mauzo. Mapato yako ni 2,400. Mkataba na risiti zikisema wewe ndiye muuzaji, unakimbilia kizingiti cha kusajiliwa VAT, ambacho Tanzania tangu Julai 2023 ni mauzo ya Sh milioni 200 kwa mwaka, kwa fedha ambazo hukuzigusa. Mkataba useme wazi wewe ni wakala.

Kwa anayejaribu, wiki sita zinatosha, maeneo mawili yanayofanana, Sinza na Tabata kwa mfano, kila moja na mfumo wake. Usichanganye, madereva wanaongea vijiweni. Wiki mbili za kwanza zitupe, ni msisimko. Hesabu watoa huduma wa wiki ya tatu ambao bado wapo wiki ya sita. Kwa kazi za kurudia, chukua jozi 100 za mteja na fundi. Ikiwa nane tu zimerudi kupitia kwako, wapigie simu wateja 20 na uwaulize kama fundi alirudi mwenyewe.

Kabla ya yote hayo, rudi kwenye ile oda ya chakula na uweke 15 mahali pa 20, kama mdhibiti angeamua hivyo kesho. Kamisheni inakuwa Sh 1,800, gharama zilezile 1,240, inabaki 560. Oda 100 kwa siku ni Sh 1,680,000 kwa mwezi: seva, mtu mmoja wa kupokea simu, na mwanaprogramu hayumo.